Misumari Inayochungulia

Ninyi mnaokaa nyumba za kupanga, hasa zile za bondeni karibu na bahari, inueni macho muangalie paa kabla hamjasoma mbele. Mkiona vichwa vya misumari vimesimama juu ya bati kama uyoga, haya yanawahusu. Msimwachie jirani ayasome peke yake.

Mtaani kwetu hatukuwa na mwenye nyumba. Tulikuwa na mwenye kuta. Mama mmoja mtu mzima, mjane, alijenga safu nne za vyumba vya matofali, akatia sakafu, milango na mbao za paa, akaishia hapo. Bati ulikuja nalo mwenyewe. Ukihama, unang'oa bati lako unaondoka nalo, kama mtu anavyokunja mkeka wake. Tulimwita Bi Kuta, naye jina alilijua na halikumuudhi.

"Mimi Bi Kuta, ninyi akina Bati," alikuwa akisema. "Tukioana ndiyo tunapata nyumba."

Ndoa hiyo ilikuwa na sheria yake. Haikuandikwa popote, lakini hata mtoto wa kutumwa dukani aliijua. Msumari uliozama mpaka kichwa kikalala juu ya bati ulikuwa wa nyumba, yaani wa Bi Kuta, pamoja na bati lililoshikwa nao. Msumari uliochungulia, ulioachwa umesimama kiasi cha kucha ya nyundo kupita chini yake, ulikuwa wa mpangaji. Siku ya kuezeka, Bi Kuta alileta kigoda chake akakaa uani kusikiliza. Msumari ukiwa bado unaingia kwenye mbao unalia ti, ti, ti. Ukizama, mlio unageuka, unakuwa mzito, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Akisikia mlio mzito Bi Kuta alicheka, akasema, "Huo wangu."

Basi kila mtu aligonga kwa adabu, akaacha kabla mlio haujageuka. Na kwa kuwa bati lililoshikwa hivyo huchezacheza hata likipitiwa na paka, tulilikandamiza kwa mawe. Mawe makubwa, ya kubebwa na mtu mzima. Wengine waliongeza matairi, jiko bovu, kinu kilichopasuka. Ukisimama mlimani ukatazama chini, ungedhani watu wa kwetu wanahifadhi takataka zao juu ili panya wasizifikie. Na kila familia ilipaka alama ya rangi kwenye mabati yake. Yetu ilikuwa duara jekundu. Ya Dobi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ilikuwa mistari miwili ya buluu.

Mimi kazi yangu ni usafi kwenye zahanati. Mume wangu, Baba Spoku, ni mlinzi wa ghala la saruji. Spoku ni mwanetu wa kwanza, fundi baiskeli, kijana mzima mwenye kibanda chake. Jina alipewa na wateja kwa wembamba wake. Baada yake kuna binti, kitindamimba, aliyekuwa darasa la tatu. Na mimi waliniita Mama Redio, kwa sababu redio yangu ndogo nilitembea nayo hadi chooni, na kila habari ya hali ya hewa niliipeleka uani kabla haijapoa. Nina woga, sikatai. Mwenye watoto wawili na paa la mawe, asiwe na woga kwa nini?

Lazima niseme pia habari ya mwaka uliotangulia, maana yote yalianzia pale. Gari la matangazo lilipita mtaani likisema kimbunga kinakuja, watu wapande shule ya juu mlimani. Tulipanda, wote, na magodoro yetu. Kimbunga kikageuka huko huko baharini kikaenda zake. Tuliporudi tulikuta safu nzima ya chini iko wazi, vyumba vinatazama mbingu. Wezi walikuwa wamekuja na nyundo, na ile misumari inayochungulia haikuwapa taabu yoyote. Dobi alikuwa mmoja wa walioibiwa. Wakati huo alikaa safu ya chini, akahamia karibu nami baadaye na mabati mapya. Tangu siku hiyo, mtaani kwetu upepo ulionekana mwongo, na mwizi ndiye mkweli.

Kwa hiyo gari la matangazo lilipopita tena mwaka huu, watu hawakukataa kupanda shule. Hapana. Walipanda. Ila kila nyumba iliacha mtu mmoja wa kulinda paa.

Asubuhi ile Baba Spoku alinipigia simu kutoka kazini.

"Wewe na mtoto nendeni shule," alisema. "Spoku abaki."

"Abaki afanye nini?"

"Alinde bati."

"Na wewe unarudi saa ngapi?"

"Mimi sitoki. Bosi amesema walinzi wote wabaki ghalani mpaka upepo upite."

"Ghala si lina paa la zege?"

"Ndiyo. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi na mimi."

Nikabaki na simu mkononi. Mume wangu ni mtu mzuri. Kulinda ndiyo kazi anayoijua, na mtu akipewa nyundo kila kitu hukiona msumari.

Spoku alikuwa uani anaongeza mawe. Nilimwambia, "Mwanangu, twende. Bati litanunuliwa lingine."

"Mama, Baba amesema."

"Baba yako yuko chini ya zege. Hayuko chini ya bati hili."

"Sasa wote tukienda, si yatakuwa yale ya mwaka jana?"

Dobi alikuwa juu ya paa lake, amevua shati, anapanga mawe yake kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Alinisikia.

"Mama Redio!" aliita. "Kimbunga chako cha mwaka jana bado tunakisubiri! Hiki kipya kimetoka wapi?"

Uani wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa sababu Dobi alikuwa na sura ya kuchekesha, na nilikuwa nimechoka kuogopa peke yangu. Spoku akanishika bega akanisukuma taratibu kuelekea njiani, kama unavyomsukuma mgeni anayekawia kuaga. Nikaenda. Nilimshika binti mkono, na mke wa Dobi akatufuata na beseni la vyombo kichwani.

Shuleni tulikaa darasani, madawati yamerundikwa ukutani. Upepo ulianza mchana. Ulitoka upande wa bahari. Sitaueleza sana, aliyewahi kuusikia anaujua, na asiyewahi, maneno yangu hayatamfikisha. Kioo cha dirisha kilipasuka na mvua ikaingia imelala, haianguki, inapita. Watoto walilia halafu wakaacha, wakawa wanatutazama sisi kujua kama ni wakati wa kulia tena.

Kisha ukakoma. Ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Jua likatoka. Nje kila kitu kilikuwa kinachuruzika maji na kung'aa, na watu wakaanza kusukumana mlangoni.

Redio yangu ilikuwa imesema tangu asubuhi: katikati ya kimbunga pana utulivu, msitoke, upepo utarudi ukitokea upande wa pili. Afisa aliyesimama mlangoni alisema vivyo hivyo, sauti imemkauka. Watu walimpita. Mtu mmoja alimwambia, "Mheshimiwa, jua hulioni?" Ndivyo tulivyo. Tunaamini ngozi yetu kuliko maneno.

Nilitoka kibarazani nikatazama chini. Karibu nusu ya mapaa hayakuwepo. Na juu ya yale yaliyobaki, watu. Wale walinzi wote waliokuwa wamejibanza ndani, sasa walikuwa wamepanda, wameinama, wanarudisha mawe yaliyoviringika. Wengine walikimbia njiani kuokota mabati kabla hayajaokotwa na wenzao. Nilimtambua wangu kwa wembamba.

Nikamgeukia mke wa Dobi nikampa mkono wa binti yangu. Hakuniuliza naenda wapi.

"Mwambie Baba watoto naye ashuke," alisema. "Mwambie ni mimi nimesema. Akikataa mtukane."

Nilishuka ule mlima nikiteleza. Viatu niliviacha kwenye tope nikaendelea pekupeku. Nilipofika uani Spoku alikuwa anatabasamu kule juu, meno yote nje.

"Mama! Limebaki! La kwetu limebaki lote!"

"Shuka."

"Limelegea pembeni tu. Hebu nirushie hilo jiwe."

"Spoku, shuka. Unarudi."

"Nani anarudi?"

"Upepo. Wamesema unarudi na huku," nikamwonyesha upande wa mlima.

Alitazama mlima, akatazama jua. Upande wa pili wa ukuta Dobi naye alikuwa juu, anasukuma jiwe kwa mguu. Nikamwambia, "Shemeji, mkeo amesema ushuke."

"Mke wangu mwaka jana alisema niende shule," alijibu. "Nilienda. Nikarudi nikalala nahesabu nyota."

"Amesema ukikataa nikutukane."

"Basi tukana haraka, nina kazi. Nguo za watu zimo ndani humu, na suti ya bwana harusi. Zikilowa, nitamvika nini, bati?" Akacheka. "Mama Redio, zima redio uanike nguo. Jua hilo!"

Spoku alicheka naye. Ndipo nilipoona kwamba maneno yameisha kazi. Nikainama nikaliokota lile jiwe aliloomba. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nililikumbatia kwa mkono mmoja, nikaishika ngazi kwa wa pili, nikaanza kupanda.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakuletea jiwe. Si umeomba?"

"Mama, magoti yako!"

"Magoti yangu yamenizoea."

"Mama, utaanguka! Acha! Shuka!"

"Shuka wewe."

Ngazi ilikuwa imelowa, na mguu mmoja uliniponyoka kweli, sikuigiza. Jiwe lilianguka chini. Nikamsikia anasema neno ambalo mtoto hamwambii mama yake, kisha akaja mbio juu ya bati, akaruka chini nyuma yangu, akanishika kiuno akanishusha. Alikuwa amekasirika sana. Alikuwa bado ananifokea wakati mbwa wa Bi Kuta alipoanza kubweka akiutazama mlima.

Nilimwita Dobi tena. "Jiwe moja tu," alisema. Hakutufanyia mzaha safari hiyo. Nadhani na yeye alikuwa amesikia.

Uani palikuwa na karo la zege alilofulia Dobi, refu kama jeneza, nene. Nilimvuta Spoku tukalala nyuma yake, upande wa bahari, matope yakitufika masikioni. Upepo ulikuja na ule upande uliosemwa. Safari ya kwanza ulikuwa umelegeza; safari hii ulichukua. Mawe yalianza kuanguka kwanza, yakibingirika kutoka juu ya paa kama viazi vinavyomwagwa. Halafu mabati. Yalipita juu yetu yakilia. Spoku alinifunika kichwa kwa mkono wake, na bati moja likagonga ukingo wa karo, likapita, likaenda na vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia. Hakupiga kelele. Aliniambia sikioni, "Mama, usiinue kichwa." Nikajua baadaye kwa nini mgongo wangu ulikuwa wa moto.

Dobi nilimwona mara moja. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya bati lake amelikumbatia, mikono imetanda, kama mtu anayemzuia nduguye asiende ugomvini. Bati likainuka pamoja naye. Walimkuta nyuma ya soko.

Jioni ile nilipanda tena shule, Spoku ameegemea bega langu, mkono umefungwa kwa gauni langu la juu. Mke wa Dobi alikuwa pale pale kibarazani, binti yangu amelala mapajani mwake. Alitutazama sisi wawili, akatazama nyuma yetu njiani. Halafu hakutazama tena.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia, shoga yangu."

"Alisema nini?"

Sikuwa na jambo la kubuni. "Alisema nizime redio, nianike nguo."

Akacheka. Alicheka kabisa, kicheko chake cha siku zote. Kisha akanikabidhi mtoto, polepole ili asiamke, akaenda kukaa peke yake nyuma ya madawati.

Zahanati siku zilizofuata nilipiga deki tangu asubuhi hadi jioni, na maji ya ndoo hayakuwahi kuwa meupe. Waliolala pale, wachache sana walikuwa wameumizwa na maji. Wengine wote walikatwa na bati au walipondwa na jiwe. Redio ilisema upepo umeua watu. Mimi nilikuwa ndani ya huo upepo. Haukuja na kisu. Makali tuliyapandisha sisi wenyewe juu ya mapaa yetu, tukayaacha bila kuyafunga, tukaweka na mawe juu yake.

Mtaani watu walitafuta mabati kwa alama. Duara, msalaba, mistari, nyota. Yakapatikana mengine rangi imebanduka, na chini yake rangi nyingine, na chini ya hiyo nyingine. Bati moja lilikuwa na alama tatu za familia tatu. Ikajulikana kwamba mwizi wa mwaka uliopita hakutoka mbali. Wenye alama za chini walichukua yao, wenye alama za juu wakakohoa. Wateja wa Dobi nao walikuja kumuuliza mkewe nguo zao, na yeye akawaonyesha miti. Bati lililomkata Spoku tuliliona karibu na karo. Lilikuwa na duara jekundu.

Baba Spoku alirudi kutoka ghalani bila hata mkwaruzo. Alimkuta mwanawe amekaa na ule mkono mapajani. Alikaa chini, akavua kofia ya kazi, akaitazama ndani.

Kisha Bi Kuta akaja. Alimlilia Dobi, na alilia kweli, nisimsingizie. Alipomaliza alipapasa ukuta kwa kiganja.

"Kuta zangu zimesimama," alisema. "Leteni mabati yenu, maisha yaendelee."

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tulikuwa nao.

Nikamwambia, "Bi Kuta, badilisha sheria. Tuzamishe misumari, na bati libaki letu."

"Mwanangu, msumari uliozama utaung'oaje bila kupasua mbao zangu? Mpangaji mmoja, wa pili, wa tatu, mbao zitabaki?" Hakusema kwa ubaya. "Mnataka kuzamisha, zamisheni. Sikumkataza mtu. Ila mnajua kilichozama ni cha nani."

Watu wakatazamana. Kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza kuokota mawe. Niliyaona kwa macho yangu: mawe yale yale, mengine yana damu iliyokauka, yanarudishwa juu.

Baba Spoku naye akainama kuokota. Nikamwambia, "Lete nyundo."

"Mama Spoku, tukihama je? Haya mabati ni jasho langu la miaka mingapi?"

"Na vidole vilikuwa vya nani?"

Aliangusha lile jiwe, akaenda kuleta nyundo na kopo la misumari. Nilipanda mwenyewe, na magoti yangu. Spoku alishika ngazi kwa mkono wa kushoto, na baba yake akanipa msumari mmoja mmoja. Nilipogonga wa kwanza nikafika pale tunapoachaga, mkono wangu ulisimama wenyewe kwa mazoea. Nikaongeza. Mlio ukageuka.

"Huo wangu," akasema Bi Kuta, kwa mazoea na yeye.

Siku hizi Spoku hufunga tairi kwa mkono wa kushoto, anachelewa, wateja wengine wanamsubiri na wengine hawamsubiri. Bati letu halina jiwe hata moja. Si letu tena, la Bi Kuta, na siku tukihama tutatoka na magodoro tu. Majirani wananiita sasa Mama Zamisha. Wanacheka. Mawe yao yako juu, na redio inasema bahari ina joto la kuzaa kimbunga kingine.

Mmoja tu alikuja kuazima nyundo. Mke wa Dobi alikuwa ameyapata mabati manne yenye mistari miwili ya buluu, na mbao zake zilikuwa nzima. Alipanda peke yake. Bi Kuta alileta kigoda chake akakaa uani, maana ndiyo desturi. Mimi nilikuwa nafua kwenye lile karo, nikaacha nguo nikasikiliza. Ti, ti, ti. Nikangoja asimame. Hakusimama. Mlio ukageuka.

Bi Kuta akasema, kwa sauti ya chini, "Huo wangu."

"Chukua," alijibu kule juu, akaweka msumari mwingine.